Gravelbourg, Falher au St-Pierre-Jolys? Kuchagua mji wa wakulima wa Kifaransa katika nyanda za Kanada

Ukiwa na Kifaransa na unataka kuhamia Kanada, utatajiwa Montréal kabla hujamaliza kueleza shida yako. Lakini serikali ya shirikisho inawataka wasema Kifaransa waende nje ya Québec pia. Kwa mwaka 2024 ilijiwekea lengo kwamba 6% ya wakazi wapya wa kudumu nje ya Québec wawe watu wa lugha hiyo. Ndiyo maana familia za Bukavu, Uvira, Lubumbashi na Bujumbura, ambazo Kiswahili ni cha nyumbani na Kifaransa ni cha shule, zimeanza kusikia majina ya vimiji vya wakulima ambavyo zamani hakuna aliyevitaja.

Hapa nalinganisha vitatu. Gravelbourg uko kusini mwa Saskatchewan, una watu karibu 1,000. Falher uko kaskazini magharibi mwa Alberta, katika eneo la Mto Peace, na idadi yake ni hiyo hiyo. St-Pierre-Jolys uko Manitoba, kusini mwa Winnipeg, una watu kama 1,300. Ipo mingine, kama Notre-Dame-de-Lourdes, Ponteix na Zenon Park, na kuiacha si kuidharau. Hii mitatu nimeichukua kwa sababu kila mmoja ni wa aina yake: mmoja umekaa peke yake kwenye nchi kavu, mmoja uko mbali kaskazini lakini umezungukwa na vijiji ndugu, mmoja uko jirani na jiji kubwa.

Vigezo nitakavyotumia ni sita: Kifaransa kinatumika wapi hasa, kazi gani zipo, umbali, karatasi za uhamiaji, hali ya hewa, na mwisho chakula, ibada na watu wa kwenu. Kwa maoni yangu umbali una uzito kuliko watu wanavyoudhani, na Kifaransa kina uzito pungufu.

Kifaransa kinatumika wapi

Usitegemee kukisikia kila kona. Katika miji yote mitatu Kiingereza ndicho kinachotamba dukani, uwanjani kwenye hoki na kwenye simu za vijana. Kifaransa kimebaki kwa sababu watu walikipigania, hasa shuleni. Manitoba ilifuta shule za lugha mbili mwaka 1916, na Saskatchewan ikabana ufundishaji wa Kifaransa mwaka 1931. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki wa Kanada wa 1982, inayowapa wazazi wasema Kifaransa haki ya shule za lugha yao, ndiyo iliyofungua tena njia, na bodi za shule zinazoendeshwa na wasema Kifaransa wenyewe zikaanza kusimama miaka ya 1990. Ile ya Manitoba, DSFM, ilianza 1994. Mtu wa kule akikuuliza mapema mno kama utawapeleka watoto shule ya Kifaransa, si umbea. Darasa likipungukiwa watoto, shule huwa hatarini, na mji mdogo usio na shule haukai.

Shule zenyewe ni hizi: Beau Soleil huko Gravelbourg, Héritage huko Falher, na Réal-Bérard huko St-Pierre-Jolys. Zote ni shule za Kifaransa kamili. Usizichanganye na shule za imeshoni, ambazo zinafundisha Kifaransa watoto wa Kiingereza. Nako watu ni wazuri, ila mwanao aliyesoma Kifaransa tangu chekechea atachoka mapema. Na kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi: haki ya ibara ya 23 ni ya raia wa Kanada. Mtoto wa mkazi mpya hupokelewa kwa uamuzi wa bodi. Kwa kawaida mzazi msema Kifaransa hapati taabu, lakini andika barua kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Upande wa ofisi, Manitoba iko mbele. Mahakama Kuu ya Kanada ilikirudishia Kifaransa hadhi yake katika sheria na mahakama za jimbo hilo mwaka 1979, na St-Pierre-Jolys ina kituo cha huduma za serikali kwa lugha zote mbili. Saskatchewan na Alberta zilitumia mwaka 1988 kupitisha sheria za kujiondolea wajibu kama huo. Alberta ilitoa sera yake ya Kifaransa mwaka 2017, nayo inasaidia, ila sera si sheria. Kwa hiyo Falher na Gravelbourg utaongea Kifaransa na mtu, si na ofisi.

Mitaani hesabu inageuka. Falher una majirani: Donnelly, Girouxville, Guy, Jean Côté, na St. Isidore mbele kidogo, wote wa asili moja, kwa hiyo Kifaransa ni cha eneo zima. Gravelbourg umekaa peke yake zaidi, ila una Collège Mathieu, iliyoanzishwa 1918, ambayo leo inafundisha watu wazima kwa Kifaransa. St-Pierre-Jolys unazungukwa na vijiji vya Kifaransa na vya Wamennonite, Wakristo wa asili ya Kijerumani, na vijana wake wengi wanaweza kuendelea Université de Saint-Boniface, chuo kikuu cha Kifaransa cha Winnipeg, bila kuhama nyumbani.

Kazi

Anayetoka kijijini Kivu au Rutana anafikiri mji wa wakulima ni mji wa vibarua. Hapa sivyo. Mashamba ni makubwa mno na mikono ni michache. Wastani wa shamba la Saskatchewan, kwa sensa ya kilimo ya 2021, ni zaidi ya ekari 1,700, na mara nyingi wanaolilima ni baba, mama na mtoto mmoja. Kinachotafutwa si jembe. Anatafutwa anayeweza kuendesha kombaini, kuchomelea vyuma, au kubeba nafaka kwa lori la magurudumu kumi na manane. Leseni ya lori hilo, tangu 2019, inadai mafunzo ya lazima katika majimbo yote matatu, na mafunzo si bure.

Gravelbourg unalima ngano ya durumu inayotengenezewa tambi, adesi, dengu na haradali. Haradali ya hapa hutengenezwa na kuuzwa kwa jina la mji. Kazi za shamba hupanda Mei wakati wa kupanda, zikapanda tena Agosti na Septemba wakati wa kuvuna. Katikati kuna ukame wa ajira. Kazi ya mwaka mzima ipo hospitali ya St. Joseph's na nyumba ya wazee ya Foyer d'Youville, ambazo ziko pamoja, na msaidizi wa wauguzi mwenye cheti cha jimbo hakai bure.

Falher unajiita mji mkuu wa asali wa Kanada, na mjini kuna sanamu ya nyuki kubwa kukuthibitishia. Alberta ndiyo inayotoa asali nyingi kuliko jimbo lolote la nchi, na kanola na klova za eneo la Peace ndizo malisho. Wafugaji wa nyuki huajiri watu kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, wengi wao kwa vibali vya muda. Kazi ni ya kuinua masanduku mazito siku nzima huku umevaa nguo nzito juani, na kuumwa ni sehemu ya mshahara. Mwenye mzio wa nyuki asijaribu hata kuuliza. Nje ya asali kuna nafaka, misitu, mafuta na gesi. Hospitali iko McLennan, mji wa jirani, nayo inahitaji watu wanaoweza kumhudumia mzee aliyerudi kwenye Kifaransa chake cha utotoni.

St-Pierre-Jolys una kazi za namna nyingi zaidi. Kusini mashariki mwa Manitoba ndiko kulikojaa nguruwe, kuku na ng'ombe wa maziwa, na mifugo haijui msimu: inakula Januari kama inavyokula Julai. Hii ndiyo tofauti kubwa na nchi ya nafaka. Mwislamu au Msabato asiyegusa nguruwe aulize mapema, maana tangazo linaweza kuandika "kazi ya ufugaji" likanyamaza hapo. Kuna pia kituo cha afya na nyumba ya wazee, na viwanda vya Steinbach viko chini ya kilomita 40. Wengine hulala St-Pierre wakafanya kazi Winnipeg.

Na kama ndoto yako ni shamba lako mwenyewe, tulia kwanza. Asiye raia wala mkazi wa kudumu ana kikomo cha ardhi ya kilimo: ekari 10 Saskatchewan, 20 Alberta, 40 Manitoba. Ukishapata ukazi wa kudumu kikomo hicho hakikuhusu, lakini bei inakuhusu. Maziwa, mayai na kuku wa nyama vina mfumo wa kwota kote Kanada, yaani kila mfugaji ana kiasi alichoruhusiwa kuzalisha. Huwezi kununua ng'ombe ishirini ukaanza kuuza maziwa. Mizinga ya nyuki haina kwota hiyo, na kwa mtu asiye na mtaji mkubwa Falher ndipo mahali ambapo mlango wa kujitegemea uko wazi kidogo.

Umbali

Winnipeg iko kilomita 50 hivi kutoka St-Pierre-Jolys. Unaenda asubuhi, unanunua, unasalimia, unarudi kupika. Gravelbourg uko kilomita 120 kutoka Moose Jaw na karibu 190 kutoka Regina. Ni safari ya siku. Falher uko kilomita 150 hivi kutoka Grande Prairie, na Edmonton ni zaidi ya 400. Ni safari ya kulala.

Kilomita hizo ni zako na gari lako. Saskatchewan ilifunga kampuni yake ya mabasi ya umma mwaka 2017, na Greyhound ikaondoka magharibi mwa Kanada mwishoni mwa Oktoba 2018. Mtu asiye na leseni Gravelbourg au Falher anaishi kwa hisani ya majirani. Majirani watakubeba, kwa kweli watu wa huku ni wakarimu, lakini hisani ya mwaka mzima humchosha anayebebwa kuliko anayebeba. Nyumba ambazo mume na mke wote wawili wanafanya kazi zinahitaji magari mawili, na gharama hiyo inakula ile nafuu ya kodi ya nyumba uliyoifuata. Kodi yenyewe ni nafuu zaidi Gravelbourg na Falher; St-Pierre, kwa ukaribu wake na jiji, bei zinavutwa juu. Kote kutatu nyumba za kupanga ni chache, hivyo usiende na masanduku ukidhani utatafuta ukifika.

Jambo la mtaalamu wa afya nalo limo humu. Mama mjamzito mwenye matatizo, mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, mzee wa kusafisha damu: hawa hawatibiwi kwenye hospitali ya mji mdogo. Ikiwa mmoja wao yumo nyumbani kwako, usomaji wa ulinganisho huu unaweza kuishia hapa, na jibu ni St-Pierre-Jolys au jiji lenyewe.

Karatasi

Hapa tofauti ni ya wazi. Mwaka 2025 Kanada ilianzisha mradi wa majaribio uitwao Pilote d'immigration dans les communautés francophones, na St-Pierre-Jolys ni miongoni mwa jumuiya sita zilizochaguliwa, ikiwa ya pekee katika majimbo ya nyanda. Unahitaji ofa ya kazi kutoka kwa mwajiri aliyeidhinishwa na jumuiya hiyo, uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja ndani ya mitatu iliyopita, na Kifaransa cha kiwango cha NCLC 5, kipimo cha Kanada cha kujua Kifaransa. Ndiyo, hata kama ulisoma kwa Kifaransa kuanzia shule ya msingi mpaka chuo, utafanya mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Cheti cha Lubumbashi hakikuondolei mtihani.

Gravelbourg haumo kwenye mradi huo. Uliingizwa, pamoja na Moose Jaw, katika orodha ya jumuiya 14 za kuwapokea wasema Kifaransa, mpango wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2020. Huo ni mpango wa kukupokea ukifika; kibali cha kuingia unakipata kwingine, kwa mfano katika mpango wa uteuzi wa jimbo la Saskatchewan. Falher utauingia kwa njia za Alberta, ambayo tangu 2022 ina mkondo wa vijijini unaodai ofa ya kazi na barua ya kuungwa mkono na jumuiya iliyosajiliwa. Miradi hii yote hufunguliwa na kufungwa, na orodha za waajiri hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali wiki ile ile unayotuma maombi. Anayekuuzia ofa ya kazi kwa pesa ni tapeli, awe ndugu yako au asiwe.

Waliokuja kama wakimbizi na tayari ni wakazi wa kudumu hawana haja ya sehemu hii. Wanaweza kuhamia mji wowote kesho.

Baridi, upepo na mbu

Kote kutatu kuna usiku wa Januari unaoshuka chini ya nyuzi 30 za hasi, na gari huchomekwa kwenye umeme usiku ili injini isigande. Katika hilo hakuna wa kumcheka mwenzake. Gravelbourg ni nchi kavu ya upepo mwingi. Kusini mwa Saskatchewan ndiko vumbi la miaka ya 1930 lilikofukuza watu, na ukame wa 2021 uliwakumbusha wakulima. Falher una giza: mwishoni mwa Desemba mwanga ni wa takriban saa saba tu kwa siku, na mwezi Juni hulipwa deni hilo kwa jua la saa kumi na saba. Mwenye kuelemewa na huzuni akikosa jua alitie hilo maanani. St-Pierre-Jolys uko kwenye udongo mzito wa bonde la Mto Red, lenye matope ya masika, mbu wa kutosha, na historia ya mafuriko, yakiwamo makubwa ya 1997.

Chakula, ibada na watu wa kwenu

Sombe (kisamvu) na unga wa muhogo viko Winnipeg, Edmonton na Regina. Kwa hiyo mtu wa St-Pierre hununua Jumamosi, wa Gravelbourg hununua kwa mwezi, na wa Falher hununua friza kubwa kwanza. Lenga-lenga (mchicha) utailima mwenyewe. Aina yake moja huota yenyewe mashambani kote huku, na wakulima huipiga sumu kama gugu; usichume pembeni mwa shamba la mtu.

Kwa Mkatoliki, Gravelbourg ni mahali pa kipekee. Kanisa lake la Notre-Dame-de-l'Assomption, lililojengwa 1918 na 1919, lilikuwa kiti cha askofu kuanzia 1930 hadi 1998, na kuta zake za ndani zilichorwa na padri wa hapo hapo, Charles Maillard, kwa miaka kumi, 1921 hadi 1931. Kusali ndani yake katika mji wa watu elfu moja ni jambo la kukushangaza kila Jumapili. Falher na St-Pierre nao wana parokia zenye mizizi ya Kifaransa, na jina Jolys ni la padri, kama lilivyo jina Falher na jina Gravel. Mlokole na Mwislamu wasijidanganye: ibada zao ziko jijini, na hapo umbali unarudi kuamua.

Watu wa kwenu wako wapi? Winnipeg, hasa upande wa Saint-Boniface, ina Wakongo na Warundi wengi, na shirika la Accueil francophone limezoea kuwapokea. Falher na Gravelbourg huenda mkawa familia moja kati ya chache za Kiafrika. Mtaonekana. Mtoto wenu atajulikana kwa jina na kila mtu, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka sita ni raha na kwa binti wa miaka kumi na tano linaweza kuwa mzigo. Vivyo hivyo Kiswahili: St-Pierre mtoto atakisikia harusini na misibani; kwingine kitabaki kati ya kuta zenu nne.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo, Kiingereza kidogo, gari moja, na bado haina karatasi: anza na St-Pierre-Jolys, kwa sababu ya ule mradi na ukaribu wa Winnipeg. Kodi ya nyumba itakuwa kubwa zaidi, na kishawishi cha kuhamia jijini kitakuwa mlangoni kila siku.

Fundi wa mitambo, mchomelea vyuma au dereva wa lori ambaye ni mkazi wa kudumu tayari: Gravelbourg au Falher. Ukitaka utulivu, kanisa kubwa na nyumba ya bei ya chini, Gravelbourg. Ukitaka kuongeza kipato kwa misitu na mafuta, au kuwa na mizinga yako siku moja, Falher.

Msaidizi wa wauguzi au mwalimu wa Kifaransa: kote kutatu utahitajika, basi angalia mwenzi wako atafanya nini. Wengi huondoka si kwa sababu ya aliyepata kazi, bali kwa yule aliyekaa nyumbani. Mwalimu ahakikishe kwanza cheti chake kinatambuliwa na jimbo husika. Kila jimbo lina utaratibu wake.

Kijana asiye na mke wala mume: msimu mmoja Falher au Gravelbourg utakuwekea akiba. Miaka mitano ni habari nyingine.

Mwenye mzazi mzee au mgonjwa wa kliniki za mara kwa mara: karibu na jiji, bila mjadala.

Na ambaye bado amekwama aende kuangalia Februari, si Julai. Apige simu tatu kabla ya safari: shuleni, kwa mwajiri, na kwa mwenye nyumba, kwa mpangilio huo. Shule ikisema hakuna nafasi, simu mbili zilizobaki hazina haja.